Kabla hujaingia darasani na katuni ya Rhodes

Walimu wa mafunzo kwa vitendo mliofika Mbeya juzi, karibuni sana. Wiki hii nimekaa nyuma ya vipindi vitatu vya Kidato cha Tatu kuhusu katuni ya Cecil Rhodes, beberu wa Kiingereza, akiwa amesimama juu ya ramani ya Afrika na waya mikononi, na vyote vitatu vimenirudishia sentensi moja: "Hapa tunaona Rhodes akiitawala Afrika nzima." Jamani, hapana.

1. Anzeni na tarehe. Mchoraji Linley Sambourne aliichora katuni hii katika jarida la Punch la London, Desemba 10, 1892, Rhodes alipokuwa ametangaza mpango wa waya wa telegrafu kutoka Cape Town hadi Cairo. Huo waya mikononi mwake ni mpango. Msiuite kamba.

2. Toeni nakala kubwa, maana kwenye karatasi ndogo bunduki ya mgongoni haionekani.

3. Ulizeni nani hayumo. Hapa nisikilizeni, maana kosa hili nimelibeba miaka mingi. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilisimama ubaoni nikaeleza mguu mmoja Cairo, mwingine Cape, Afrika yote chini yake. Binti mmoja, kwao Kalenga, iliyokuwa ngome ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe, akanyoosha mkono: "Mwalimu, mwaka huo si Mkwawa alikuwa bado anatawala kwetu?" Nilimjibu kwamba Mkwawa hayumo kwenye picha, tujibu kilichomo. Akakaa. Muhula mzima hakunyoosha mkono tena kwangu.

Na alikuwa sahihi. Agosti 17, 1891, Wahehe walikisambaratisha kikosi cha Wajerumani pale Lugalo na Zelewski, kamanda wao, akauawa. Kalenga haikuanguka hadi Oktoba 1894. Kwa hiyo siku wasomaji wa London wanaifungua Punch, mtemi yumo ndani ya ngome yake, na ardhi hii tunayoikanyaga, hata kwa mikataba ya Wazungu wenyewe, ilihesabiwa ya Wajerumani, si ya Waingereza. Mchoraji ameacha bara jeupe, halina mtu hata mmoja. Weupe ule ndio somo lenyewe la ubeberu, na mtoto wa miaka kumi na sita aliuona kabla yangu.

4. Jina la katuni, "The Rhodes Colossus", linachezea Colossus, sanamu kubwa ya kale ya kisiwa cha Rhodes. Dakika mbili zinatosha.

5. Siku hizi swali la yule binti ndilo naliandika ubaoni kwanza, kabla sijabandika picha. Alimaliza Kidato cha Nne akaondoka kabla sijamwomba radhi.