Maswali na majibu: Belkar ni muuaji, mbona tunamshangilia?

Tangu nilipoandika kuhusu The Order of the Stick, katuni ya mtandaoni ya Mmarekani Rich Burlew, maswali mengi yanayoingia yanamhusu mtu mmoja tu: Belkar. Leo nayajibu ya wasomaji wa Arusha na Moshi. Angalizo kwa wanaoanza kusoma: humu nafichua mambo yanayotokea mbele kabisa kwenye hadithi.

Huyu Belkar ni nani hasa? Wenzangu mezani wanamtaja kila tukicheza, mimi nabaki kutikisa kichwa tu. – Msomaji, Sanawari

Belkar Bitterleaf ni mmoja wa kundi la watu sita wanaopambana na Xykon, mchawi aliyekufa zamani akabaki mifupa inayotembea. Katuni ilianza 2003. Wahusika ni vijiti vyenye vichwa vya duara, na dunia yao nzima inaendeshwa kwa kanuni za Dungeons & Dragons, toleo la 3.5, gemu la mezani ambalo kila mchezaji anaigiza mhusika ambaye tabia na uwezo wake vimeandikwa kwenye karatasi, mwingi kwa namba. Raha yake ni kwamba wao wenyewe wanazijua kanuni hizo. Kwenye ukurasa wa kwanza kabisa wahusika wanapigana, mara wanahamishwa kutoka toleo la 3 kwenda 3.5, nguo na silaha zinabadilika wakiwa wamesimama palepale.

Belkar ana kimo cha mtoto, kisu mkono wa kulia na kisu mkono wa kushoto. Kwenye karatasi yake ni renja. Sisi wa Arusha tukisikia renja tunawaza askari wa wanyamapori, lakini kwenye gemu ni mtu wa porini, mfuatiliaji wa nyayo, anayeweza hata kujifunza uchawi mdogo akifika levo ya 4. Uchawi wa daraja la kwanza unamtaka awe na Hekima ya 11 au zaidi. Belkar hana. Hekima yake iko chini kiasi kwamba sehemu hiyo ya ujuzi wake imefungwa.

Burlew angeweza kuiacha namba hiyo iwe kichekesho. Badala yake, kwenye kurasa za mwanzoni, Durkon, kuhani wa kundi, anamwekea Belkar uchawi wa Hekima ya Bundi, unaoongeza pointi 4 kwa dakika chache. (Kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali, wenzetu wamempa hekima.) Ghafla Belkar anayaona maisha yake yote, na yanamuumiza. Muda unaisha, namba inashuka, anarudi kuwa yuleyule. Kwa maoni yangu ndipo mwandishi alipotuonyesha mapema kwamba kulikuwa na mtu humo ndani.

Kwenye karatasi yake imeandikwa mwovu. Sasa mbona kurasa za baadaye anaonekana kama mtu mwenye moyo? Kanuni zinaruhusu hilo au mwandishi amechoka? – Mwanafunzi wa chuo, Kiboriloni

Zinaruhusu, na nashukuru umeuliza, maana hili ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Gemu la Gary Gygax na Dave Arneson lilipotoka 1974 lilikuwa na misimamo mitatu tu, yaani mielekeo ya kimaadili ya mhusika: sheria, vurugu na katikati. Wema na uovu viliongezwa baadaye, na kitabu cha wachezaji cha 1978 kikaja na ile misimamo tisa tunayoitumia mpaka leo: mstari mmoja unatoka sheria kwenda vurugu, mwingine unatoka wema kwenda uovu. Belkar yuko kwenye pembe ya mwisho kabisa, vurugu na uovu pamoja.

Wachezaji wengi wanausoma msimamo kama amri. Nimeandikiwa mwovu, basi lazima nichome kijiji. Mimi nausoma kama kumbukumbu: karatasi inaandika ulichokwisha kutenda, na ukitenda vingine kwa muda wa kutosha, msimamizi wa gemu, yule anayeongoza hadithi mezani, ana ruhusa ya kufuta na kuandika upya. Hiyo si tafsiri yangu ya huruma, imo kwenye kanuni za toleo la 3.5.

Sasa tazama Burlew anavyoitumia. Bwana Shojo, mtawala wa Azure City, alimwekea Belkar alama ya kichawi: akimjeruhi mtu kwa nia ya kuua ndani ya makazi ya watu, alama inamwangusha. Belkar akaenda kumuua mtabiri mmoja bondeni, akiamini hapo ni porini. Kumbe mtabiri alikwisha kujenga kijiji kidogo kuuzunguka mnara wake kwa kuliona hilo mapema. Alama ikafanya kazi. Belkar akalala hoi kwa homa, na humo ndani ya homa akatokewa na Shojo, ambaye wakati huo ni marehemu. Mzee hakumwambia atubu. Alimwambia aigize. Anayeiba kwenye mchezo bado anacheza na wenzake, ila anayepindua meza hapati tena wa kucheza naye. Basi jifanye umebadilika.

Belkar akaamka na ushauri huo akiwa na nia mbaya kabisa. Akaanza kuigiza. Alikuwa akimlea Mr. Scruffy, paka aliyeachwa na Shojo. Akaigiza tena, na tena, na hakuna ukurasa hata mmoja unaoweza kuunyooshea kidole ukasema hapa ndipo maigizo yalipoisha. Ila siku moja unagundua anamlinda yule paka hata pale ambapo hakuna anayemtazama.

Halafu inakuja habari ya Durkon. Durkon aliuawa na Malack, mnyonya damu, baada ya kujitosa kumnusuru Belkar. Akainuka akiwa mnyonya damu naye. Kundi zima linampokea kama rafiki yule yule mwenye tatizo la kiafya. Belkar peke yake anashikilia: huyu si Durkon. Anasema kweli, na hakuna anayemsikiliza, kwa sababu miaka yote hiyo ndiye aliyekuwa mtu wa kudanganya na kuchoma visu. Nilipofika hapo niliumia. Mwandishi hakumsamehe Belkar kirahisi. Alimpa ukweli mkononi, akamwacha alipe madeni yake yote ya zamani kwa kutoaminiwa siku ile alipohitaji kuaminiwa kuliko siku nyingine yoyote.

Kwa hiyo hapana, mwandishi hajachoka. Belkar hajawa mwema pia. Ametoka pembeni kabisa, amesogea kidogo, na kila hatua ameilipia.

Kwa nini Miko, ambaye ni paladini, asimpime uovu mara moja na yaishe? – Kijenge

Paladini, yaani askari mtakatifu aliyefungwa na kiapo cha wema, anahisi uovu hadi futi 60, lakini uchawi huo unazuiwa na jiwe la futi moja, chuma cha inchi moja, mbao au udongo wa futi tatu, au hata karatasi nyembamba ya madini ya risasi. Wachezaji wajanja wanaijua hiyo ya risasi. Isitoshe, paladini haruhusiwi kuandamana na waovu, ndiyo maana kiongozi wa kundi, Roy, ni mpiganaji wa kawaida: mwema, mfuata sheria, ila hajafungwa na kiapo hicho.

Na umkumbuke Miko mwenyewe alivyoishia. Alimuua Shojo, mzee asiye na silaha, akiwa na hakika kwamba anatenda haki, na hapo hapo nguvu za upaladini zikamtoka mbele ya watu wote. Mpaka mwisho hakukubali kwamba kosa ni lake.

Mdogo wangu kamsoma Belkar, sasa anataka kumcheza. Juzi mhusika wake amewaibia wenzake wote wakiwa wamelala, tukimuuliza anasema "ndivyo mhusika wangu alivyo." Wawili wameshasema hawaji tena. Nifanyeje? – Msimamizi wa meza, Njiro

Pole sana. Hii ndiyo namna ya kawaida kabisa ya meza kufa, na mara nyingi mchezaji mwenyewe ni kijana mzuri asiyejua amefanya nini.

Mwambie hivi: Belkar anawezekana kwa sababu ana Roy. Roy alipokufa vitani akafika mbinguni, malaika aliyepitia faili lake alimuuliza waziwazi kuhusu kutembea na muuaji. Roy akajitetea kwamba Belkar angekuwa anaua tu popote alipo, na afadhali awe chini ya mtu anayemwelekeza kwa maadui wanaostahili. Utetezi huo una mashimo, lakini uone muundo wake: kuna mtu anayebeba dhamana ya mwovu, na mwovu ana sababu ya kubaki. Mdogo wako ameleta kisu bila kuleta sababu ya kubaki.

Kwa hiyo kabla ya mchezo ujao muulize maswali mawili, ajibu mbele ya wote. Mhusika wako anahitaji nini ambacho kundi hili peke yake linaweza kumpa? Na nani hapa mezani anaweza kumwambia "acha" akaacha? Akikosa jibu la swali la pili, mhusika huyo hafai kwa meza hiyo.

Tena hakuna kanuni inayomlazimisha aibe. "Ndivyo mhusika wangu alivyo" ni uamuzi wa mchezaji, na mchezaji ndiye anayeujibia.

Kwenye meza ninayokaa mimi, mtaa wa Sakina, dadu za pande ishirini, zinazoamua kama jambo limefaulu, ni adimu, tunatumia vikaratasi ishirini vilivyokunjwa ndani ya kopo la siagi. Kuna dada pale anayecheza mwizi mkali kuliko wote niliowaona. Kabla hajamgusa mwenzake anatoa kikaratasi kitupu, anakisukuma taratibu mbele ya yule anayetaka kumwibia, anasubiri. Mwenzake akikigeuza, wizi unaendelea na kopo linatikiswa. Akikirudisha, hakuna kilichotokea, hadithi inasonga, na hakuna anayenuna. Ajabu ni kwamba karibu kila mara wanakigeuza. Watu wanapenda kuibiwa kwenye hadithi nzuri, mradi wameulizwa.

Mwanangu wa darasa la saba anaisoma kwenye simu yangu. Nimeona mauaji na uchawi. Nimkataze? – Mama, Usa River

Shikamoo mama. Wasiwasi wako ni wa haki. Damu imo, matusi mepesi yamo, na kuna kurasa za baadaye ambazo ni nzito hata kwa mtu mzima: Vaarsuvius, mtaalamu wa uchawi wa kundi, anafanya mapatano na mashetani kisha kwa uchawi mmoja anaangamiza ukoo mzima wa majoka, na majuto yake yanachukua muda mrefu. Huyo kwenye karatasi wala si mwovu, ni wa katikati.

Mimi kwa mtoto wa darasa la saba ningekaa naye. Uchawi wa humo ni wa namba na karatasi, hakuna mahali anafundishwa kuufanya. La kuzungumza naye ni mauaji: muulize, huyu aliyechomwa kisu alikuwa nani? Kama hawezi kujibu, au anacheka tu, asubiri miaka miwili mitatu. Akianza kukueleza kwa nini Belkar alikosea, mwache asome.

Hivi sisi hatuna wetu wa namna hii mpaka tumshangilie wa Wamarekani? – Mzee, Rau

Shikamoo mzee wangu. Tunao wengi, na sisi tuliokua na Sungura hatukushangazwa na Belkar. Sungura anadanganya, anakula mahindi ya watu, anamponza Fisi, na tunamshangilia. Abunuwasi naye hivyo hivyo mbele ya sultani. Waliosoma jarida la katuni la Sani wanawakumbuka Lodi Lofa na Ndumilakuwili.

Tofauti moja naiona kubwa. Hadithi ya Sungura ikiisha, imeisha. Kesho usiku bibi akianza nyingine, Fisi amesahau kila kitu na Sungura hana deni. Belkar yuko ndani ya gemu, na gemu lina karatasi: pointi zinajumlishwa, levo zinapanda, aliyeuawa mwanzoni ana ndugu anayetokea kurasa nyingi baadaye. Sitaki kusema ipi ni bora. Ila ningependa sana kumsoma Sungura ambaye Fisi anakumbuka.

Nachora. Nina wazo la konda wa Hiace ya Moshi–Marangu anayewaibia abiria chenji mchana, usiku anapambana na majini. Michoro yangu ni ya kawaida sana. Nianze au nijifunze kwanza? – Soweto, Moshi

Anza. Burlew amechora vijiti kwa zaidi ya miaka ishirini, na 2012 wasomaji wake walimchangia zaidi ya dola milioni 1.2 kupitia Kickstarter ili vitabu vyake vichapwe upya. Hawakuchangia ufundi wa mikono na vidole.

Wazo lako limenikamata. Fanya kama tunavyofanya mezani: mtengenezee konda karatasi kabla ya ukurasa wa kwanza. Ujanja wake weka juu, mdomo wake weka juu, kisha chagua namba moja iwe chini kabisa na uiheshimu. Labda hesabu ya kesho: haoni mbali zaidi ya safari hii. Mpe dereva awe Roy wake, mtu mzima mwenye leseni ya kupoteza, anayejua kuhusu chenji na ananyamaza kwa sababu usiku anamhitaji. Hilo la dereva litakupa hadithi kuliko majini wote.

Na abiria wa kwanza anayeibiwa mchore uso vizuri kuliko wote. Mama wa ndizi, ameshukia Himo, ananyoosha mkono kudai mia tano yake na gari limeshaondoka. Usimsahau. Mrudishe ukurasa wa thelathini, saa mbili usiku, jini likiwa nyuma yake na gari la mwisho likiwa ni lile lile. Konda atafungua mlango, hilo najua. Ninachotaka kusoma ni kama atamdai nauli.