Kabla hujaingia darasani na kofia yako ya mgodini

Juzi nilimsindikiza kijana wetu mmoja, mwanajiolojia mpya, akaeleze uchimbaji kwa watoto wa miaka tisa. Slaidi ya kwanza: jedwali la gredi, yaani kiasi cha madini katika kila tani ya mwamba. Ya pili: mchoro wa flotesheni, njia ya kutenga madini kwa povu. Kufika ya tatu, mtoto wa mbele alikuwa ameshafungua kamba za viatu vyake na za jirani yake. Nikacheka, kisha nikakumbuka yangu, kicheko kikakatika.

1. Anza na vilivyo mezani kwao. Penseli ina grafiti, kioo cha dirisha kilikuwa mchanga, waya wa taa ni shaba.

2. Gredi usiitaje, ionyeshe. "Gramu tano kwa tani" kwao ni kelele. Mimi hubeba sanduku tupu la sentimita 70 kila upande, linamfika mtoto kiunoni. Nawaambia: lijazeni mwamba kichwani mwenu, hiyo ni kama tani moja. Halafu navua pete yangu: mkisaga mwamba wote huo mnapata dhahabu ya hii, na kinachobaki ni tope linalohitaji bwawa la kulihifadhi. Hapo karasha la kuvunja mawe, kinu cha kuyasaga na bwawa vinajieleza vyenyewe.

3. Wape biskuti zenye vipande vya chokoleti wachimbe kwa vijiti vya meno, kisha wajaribu kuirudisha biskuti ilivyokuwa, waone ugumu wa kurudisha ardhi baada ya kuchimba.

4. Usalama kwanza, na sisemi hivyo kwa sababu ya bango la getini. Mwaka wangu wa pili kazini niliingia darasani na taa kichwani, nikafunga mapazia, nikawasimulia handaki, giza, na mkanda wa dhahabu unavyometameta ukiumulika. Porojo. Mbale nyingi, yaani mwamba wenye dhahabu, unaweza kuitazama siku nzima usione dhahabu yenyewe, na jiwe nililowashikisha lilikuwa pairaiti, madini yanayong'aa kama dhahabu lakini siyo. Watoto wakapiga makofi. Nikarudi nimevimba kichwa.

Siku nne baadaye mwalimu akanipigia simu. Wavulana wawili walikuwa wameingia na tochi kwenye shimo lililoachwa, wanautafuta mkanda wangu. Mmoja aliteleza akavunjika mkono, mwenzake akakimbia kuita watu. Nilikwenda kumwona yule aliyevunjika, nimejipanga kuomba radhi, naye akaingiza mfukoni mkono usiovunjika, akatoa jiwe. "Hii ndiyo yenyewe?" Sikupata jibu. Mama yake alikuwa mlangoni, akinitazama tu.

Somo zima sikuwa nimesema kwamba shimo la zamani linaua. Magogo ya kuegemeza dari huoza, mwamba hulegea, maji hujikusanya, na hewa ya chini inaweza kukosa oksijeni bila harufu yoyote ya kukuonya. Tochi itaendelea kuwaka, wewe umeshaanguka. Sisi tuna feni, kipima gesi na mtu wa kukagua dari kabla ya zamu. Wao walikuwa na tochi. Siku hizi nalisema hilo kabla jiwe lolote halijatoka kwenye begi.

5. Usidanganye wakiuliza. Kijana wetu aliulizwa, "Mawe yakiisha je?" Akajibu hayaishi! Yanaisha, mwanangu. Mgodi hufungwa, shimo linabaki na lazima litunzwe. Shaba nayo huyeyushwa upya ikatumika tena. Hilo watoto wanalipenda kuliko unavyodhani.

Wiki ijayo anarudi darasa lile lile. Sanduku nimemwazima. Pete atafute yake.