Mawasiliano Darasani: Wanataja Simu na Barua, Lakini Hawasikilizani

SWALI: Ndugu mhariri, ninafundisha watoto wa miaka 5 hadi 6, na mada yetu ya muhula huu ni mawasiliano. Nimebandika ukutani picha za simu, redio, barua na televisheni, nao wanazitaja zote bila kukosea. Hata hivyo, wanapozungumza wao kwa wao kila mmoja anasema lake na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Ningependa kufanya nao mradi wa wiki chache. Nianzie wapi, na wale wasiojua kuandika niwashirikishe vipi?

JIBU: Mwalimu, hilo uliloliona ndilo kiini cha mada yenyewe, kwa maana mtoto anaweza kutaja vyombo vyote vya mawasiliano na bado asijue kuwasiliana. Watoto wa umri huo mara nyingi huzungumza kana kwamba msikilizaji anaona kila wanachokiona wao. Katika miaka ya 1960 wanasaikolojia wa Marekani, Robert Krauss na Sam Glucksberg, waliwakalisha watoto wawili wawili wakiwa wametenganishwa na kizuizi, mmoja akieleza maumbo yasiyo na jina ili mwenzake ayatambue. Watoto wadogo walitumia maelezo ambayo mara nyingi yalieleweka kwao wenyewe tu. Huo si utovu wa adabu. Ni hatua ya ukuaji, na mradi mzuri ni ule unaomwezesha mtoto kuona kwa macho yake kwamba ujumbe wake haukufika.

Kwa hiyo ziache picha za ukutani kwanza, uanze na vipande vya mbao vya rangi. Wakalishe watoto wawili wakipeana migongo, kila mmoja akiwa na vipande vitano vinavyofanana na vya mwenzake. Mmoja ajenge huku akieleza, na mwingine ajenge kwa kufuata maneno peke yake. Utamsikia wa kwanza akisema, "Weka hiki hapa, halafu kile juu yake," na mwenzake ataweka chochote kilicho karibu na mkono wake. Wakigeuka watakuta kipande chekundu kiko juu upande mmoja na chini upande wa pili. Hapo usiwasahihishe, bali muulize msikilizaji, "Ulihitaji kuambiwa nini?" kisha warudie. Baada ya siku chache utaanza kusikia "chekundu kirefu, kilaze chini ya cha kijani," na maneno hayo yatakuwa yamezaliwa na haja, si na kukariri.

Wafundishe pia wasikilizaji kusema, "Sijaelewa, ni kipi?" Kwa maoni yangu hili ndilo tunda kubwa kuliko yote katika mradi huu, kwa kuwa watoto wengi hunyamaza wasipoelewa, wakidhani kosa ni lao.

Wakishazoea, anzisheni posta ya darasa. Sanduku la kadibodi lenye tundu litatosha, na kila mtoto awe na mfuko wake ukutani, wenye jina lake pamoja na alama aliyoichagua mwenyewe, ili hata asiyesoma ajue apeleke wapi. Wasiojua kuandika wachore, au wakusimulie nawe uandike maneno yao kama walivyoyatamka, kisha uwasomee huku ukifuata kila neno kwa kidole. Barua iwe na swali linalohitaji jibu, kwa mfano kumuuliza mwenzake angependa wacheze mchezo gani kesho, kwani barua isiyotarajiwa kujibiwa huishia kuwa pambo. Ikipatikana isiyo na jina wala alama, usiipeleke mwenyewe hata kama unamjua mwandishi. Ilete mbele ya darasa, watoto waamue kilichopungua. Historia iwe kidogo tu: waambie kwamba stempu ya kwanza ya kubandika ilitolewa Uingereza mwaka 1840, na kwamba kabla ya hapo kwa kawaida mpokeaji ndiye aliyelipa. Watauliza wenyewe ilikuwaje asiyekuwa na fedha.

Simu ya uzi nayo isikosekane. Sauti hutikisa kitako cha kopo la karatasi, uzi ukasafirisha mtikisiko huo hadi kopo la pili. Ukilegea au ukishikwa kwa kidole, sauti hufifia. Faida yake hasa ni kwamba kopo ni moja kwa kila mtoto: likiwa mdomoni haliwezi kuwa sikioni, hivyo lazima wapokezane. Hawahitaji kuhubiriwa kuhusu kusubiri zamu.

SWALI: Darasani mwangu yuko mtoto asiyesema neno, ingawa wazazi wake wanasema nyumbani huzungumza sana. Je, nimlazimishe ashiriki?

JIBU: Usimlazimishe. Mpe kazi ya utarishi, apeleke barua kwenye mifuko, maana kazi hiyo ina maana kamili hata bila sauti. Nawe ongeza muda wa kusubiri unapouliza swali. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri takriban sekunde 1 tu, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi majibu hurefuka na watoto waliokuwa kimya huanza kuchangia. Hata hivyo, ukimya huo ukizidi mwezi mmoja, bila kuhesabu mwezi wa kwanza wa shule, zungumza na wazazi ili apimwe masikio na kuonwa na mtaalamu wa usemi au wa saikolojia ya watoto. Mtoto anayezungumza nyumbani na kunyamaza shuleni mara nyingi amezidiwa na wasiwasi, na msaada wa mapema humfaa zaidi. Wakati huo wote aendelee na utarishi wake, na wenzake wazoeshwe kutomjibia kila anapoulizwa.