Maswali ya Wasomaji: Grupu lina watu ishirini na kitu, Jumapili wanakuja nane

Mwezi huu barua za kriketi zimekuwa nyingi kuliko za mpira wa miguu, sijui imetokeaje lakini nimefurahi kwasababu huu mchezo naupenda na naona vilabu vyetu vinapungua watu mwaka hadi mwaka. Nimechagua chache, majina nimeyaacha kama wenyewe mlivyoomba.

Habari za kazi. Mimi ni nahodha wa timu ya daraja la chini hapa Upanga, Dar. Kwenye WhatsApp tuko ishirini na kitu lakini kila Ijumaa jioni naanza kubembeleza watu mmoja mmoja. Mechi nyingine tumecheza watu nane, moja tumetoa wokova kabisa, wapinzani wakapewa ushindi bila kucheza. Wengine hawasemi kama wameacha, wanasoma meseji wanakaa kimya. Tumepunguza hela ya mechi, haijasaidia kitu. Tufanyeje?

Pole sana nahodha, kazi unayofanya ni ngumu na hakuna anayekushukuru, hilo nalijua. Ila kabla hujaandika meseji nyingine ya kulalamika kwenye grupu nakuomba ufanye kitu kimoja. Chukua daftari la skoo la msimu huu, kaa nalo jioni moja na chai yako, andika majina yote ya waliocheza alafu mbele ya kila jina andika vitu viwili tu: amekabili mipira mingapi, na amerusha ova ngapi (ova moja ni mipira sita). Mikimbio (yaani pointi) achana nayo, wiketi (wapigaji aliowatoa) achana nazo. Nataka uone nani amecheza na nani amekuja uwanjani tu.

Maana angalia hesabu yenyewe. Mechi ya ova 20 ina mipira 120 kila upande. Mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidi ova 4, kwahiyo watu watano tu wanatosha kumaliza ova zote. Upande wa kupiga, kama mna wapigaji wawili watatu wazuri, wanakula sehemu kubwa ya hiyo mipira, na wale wa namba saba kushuka chini mara nyingi pedi za miguuni hawazitoi kwenye begi. Sasa kuna kijana wako katoka Mbagala asubuhi, kabadilisha daladala, kalipa hela ya mechi, kasimama kule mwisho wa uwanja ova 20 nzima kwenye jua la Dar, mpira umemfikia mara tatu, wakati wa kupiga kakaa kwenye kivuli anawapigia makofi wenzake, jioni karudi Mbagala. Hajapiga, hajarusha. Wiki inayofuata ukiuliza "wadau nani yupo?" unategemea ajibu nini? Ndo maana hela ya mechi kupunguza haikusaidia, shida yake haikuwa hela.

Mimi naamini kabisa kwamba watu wengi hawaachi kriketi kwa kukosa muda, muda wanao, wanaupeleka sehemu ambayo wakifika wana kazi ya kufanya. Utaambiwa kazi, utaambiwa harusi, utaambiwa mgongo unauma. Ni lugha ya heshima tu, mtu mzima hawezi kukwambia "nahodha hunipi mpira".

Kwahiyo anza na mechi za kirafiki maana pale hakuna pointi za kupoteza. Kubaliana na nahodha mwenzako kabla ya kurusha shilingi kwamba mpigaji akifika mikimbio 30 anatoka, na kama wengine wote wameshatoka na ova bado zipo anarudi kumalizia. Upande wa kurusha gawa hivi: watu sita ova 3 kila mmoja, wa saba ova 2, jumla 20. Tayari watu saba wamerusha badala ya watano. Wanabaki wanne, mmoja ni mdaka mipira wa nyuma ya wiketi (vile vijiti vitatu), hao wengine watatu hakikisha wanapiga juu, kati ya namba moja na tano. Ukifanya hivyo karibu kila mtu amegusa mchezo siku hiyo, na wala hujaharibu mechi, mtashangaa wakati mwingine mnashinda kwasababu yule wa pembeni siku zote kumbe anajua kurusha, hamkuwahi kumpa tu.

Kwenye ligi najua ni tofauti, huwezi kumtoa mpigaji wako mzuri yuko 30. Lakini hata ligi unaweza kumwambia mtu mapema "wewe leo namba tisa, wiki ijayo unapanda namba nne" na ukatimiza. Kutimiza ndo kila kitu. Ukimwahidi ukasahau mara moja tu, huyo umempoteza na rafiki yake aliyekuja naye pia.

Na hiyo "nani yupo?" iache kabisa. Jumanne weka orodha ya kumi na moja na kazi ya kila mmoja: fulani anafungua kurusha upande wa barabarani, fulani anapiga namba tatu, fulani anasimama karibu na mpigaji kwa mrushaji wa mzunguko (anayefanya mpira upinde ukigonga chini). Wale wa kimya usiwaandikie, wapigie simu. Mtu ni rahisi kukaa kimya kwenye grupu la watu ishirini, kwenye simu atakwambia ndiyo au hapana, na hata hapana ya Jumanne inakusaidia kuliko "nitaona" ya Jumamosi usiku.

Jambo la wokova. Sheria ya kwanza kabisa ya kriketi inaruhusu timu mbili zikikubaliana kucheza pungufu ya kumi na moja. Kama mko nane na wenzenu wa kirafiki wako tisa, chezeni nane kwa nane, uwanja unakuwa na mapengo, mikimbio inakuwa mingi, kila mtu anakimbia na kila mtu anapiga. Kwa ligi soma kanuni za ligi yenu, zinaweza kuwa na masharti yao. Ila mkumbuke tu kwamba mtu wa akiba anayeingia kuziba pengo uwanjani hapigi wala harushi, kwahiyo usimwite kijana wa watu kwa ahadi ambayo ampaya (mwamuzi) ataikataa.

Shikamoo. Nimemaliza kidato cha nne, nilikuwa nacheza kriketi shuleni nikawa narusha vizuri tu hadi mwalimu alinisifia. Sasa niko nyumbani, klabu niliyoenda hawana timu ya wasichana, waliniambia nije kuangalia. Nimeenda mara kadhaa nimeacha. Nifanye nini?

Marahaba mdogo wangu. Barua yako imeniumiza kusema ukweli, kwasababu hapo ndo tunapopoteza watu wengi kuliko popote. Shuleni kuna mpira, kuna mwalimu, kuna kiwanja, siku ukimaliza mtihani wa mwisho vyote vinakatika kwa mkupuo. Na usidhani wasichana wa hapa hawawezi. Timu yetu ya wanawake ya Tanzania imebeba kombe la Kwibuka, mashindano ya kriketi ya wanawake kule Kigali, mwaka 2019 na tena 2022. Rwanda wao mwaka 2023 walipeleka wasichana wa chini ya miaka 19 kombe la dunia, wakawafunga Zimbabwe, wakawafunga na West Indies. Hao walianza kama wewe, kwenye viwanja vya shule.

Rudi pale klabuni lakini usiende kuangalia, nenda siku ya mazoezi ukiwa na raba na suruali ya mazoezi, mwambie kocha naomba nirushe kwenye neti (pale pa mazoezi palipozungushiwa wavu). Warushaji kwenye neti huwa hawatoshi, wapigaji wanapanga foleni na kurusha kunachosha, kwahiyo anayekuja na mkono wake anapokelewa. Nenda na mwenzako mmoja uliyesoma naye, peke yako katikati ya wanaume utachoka haraka na nyumbani pia watakuwa na amani zaidi. Mkifika wasichana kumi na mbili ombeni Jumamosi moja asubuhi, mchezo wa sita kwa sita, ova chache tu.

Na nyinyi viongozi mnaosoma hapa: msichana aliyekuja mwenyewe kuomba kucheza anaambiwa akae aangalie? Mpeni mpira.

Niaje. Mimi ni katibu wa klabu Nairobi, pande za Parklands. Kwetu kuna wazee wa miaka arobaini na kitu hawataki kuachia nafasi, na vijana wakikaa benchi wiki mbili hivi wanaenda zao. Nikiweka vijana wazee wanakasirika, na hao wazee ndio wanalipa pesa nyingi ya klabu. Niko katikati.

Katibu, pole. Kwanza usiwafukuze wazee. Juni 2024 kule Guyana kwenye kombe la dunia la T20 (mechi za ova 20), Frank Nsubuga wa Uganda akiwa na miaka 43 alirusha ova 4 dhidi ya Papua New Guinea akatoa mikimbio 4 tu na kuchukua wiketi 2, Uganda wakashinda mechi yao ya kwanza kwenye kombe hilo. Kwahiyo umri peke yake siyo sababu ya kumweka mtu nje.

Lakini kuna kitu wazee wa Nairobi wanasahau. Wao walikuwepo Kenya ilipowafunga Sri Lanka pale uwanja wa Gymkhana, Nairobi, Februari 2003, Collins Obuya akachukua wiketi 5, na mwezi uliofuata Kenya ikacheza nusu fainali ya kombe la dunia. Hiyo kumbukumbu ndo inawaamsha Jumapili asubuhi mpaka leo. Kijana wa miaka ishirini hana hiyo kumbukumbu, alichokikuta yeye ni timu ya taifa iliyopoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja mwaka 2014. Huwezi kumwambia avumilie benchi kwa ajili ya sifa ambayo hakuiona. Yeye anataka kucheza wiki hii.

Ningekuwa wewe ningegawa hivi. Timu ya pili mpe mzee mmoja anayeheshimika awe nahodha, na masharti yawe wazi kwamba kwenye kumi na moja wake vijana wasipungue sita na kila mrushaji kijana apate angalau ova 2. Wazee wengi wakipewa kijana wa kumlea wanabadilika kabisa, maana kilichokuwa kinawauma ni kuonekana hawana kazi tena, sawasawa na yule kijana wa benchi. Wengine wapewe uampaya, skoo, kupanga ratiba. Mzee anayebishana na kila ampaya mpe mwenyewe koti jeupe, atawasaidia sana. Na wale wawili watatu watakaokataa kila kitu na kutishia kuondoka na hela zao, ukae nao chini uwasikilize kwa heshima, lakini nafasi za vijana usiziuze.

Mimi ni mke wa mchezaji, Mombasa. Kila Jumapili anatoka asubuhi anarudi magharibi amechoka hata kuongea hawezi. Watoto wanamuulizia. Nikisema anaona namkataza mchezo, mimi sikatazi. Nimwambieje?

Dada yangu, una haki, na nashukuru umeandika kwa upole hivi. Mechi ya ova 50 inakula siku nzima, hakuna ujanja hapo. Ya ova 20 ni kama masaa matatu, ikianza saa mbili asubuhi kabla ya adhuhuri mtu anaweza kuwa nyumbani. Mwombe mume wako alete ratiba ya mwezi mzima ibandikwe ukutani, mkae wote wawili mchague Jumapili zipi za kriketi na zipi za nyumbani, na za nyumbani simu ya nahodha isipokelewe. Nimeona wachezaji waliokubaliana hivi wanacheza miaka mingi, na wale wanaotoroka kila wiki wanaishia kuacha kabisa baada ya ugomvi mmoja mkubwa.

Vilabu nao wana sehemu yao. Ratiba inatumwa Alhamisi usiku kwa mechi ya Jumapili, huyo mwanaume ampange vipi mkewe? Sajili watu kumi na sita, zungusha, kila mmoja apumzike baada ya mechi mbili, na anayepumzika asipoteze nafasi yake. Mechi zikiisha mapema walete familia uwanjani, pawe na kivuli, maji na choo kisafi, choo hasa.

Assalaam aleykum. Niko Muscat, tulikuwa na timu ya tepu bol (kriketi ya mpira wa tenisi uliofungwa tepu) ya Waswahili na Wahindi tunaofanya kazi pamoja. Kipindi cha joto watu wameacha wote, tangu hapo hatujakusanyika tena. Wengine zamu zao za kazi zimebadilika.

Waaleykum salaam ndugu yangu. Joto la huko linapita nyuzi 40, walioacha wana sababu na wala usiwalaumu. Tatizo ni kwamba mlisimama bila kupanga siku ya kurudi, watu wakizoea kutokuja hawarudi wenyewe. Msisubiri msimu. Ijumaa ni mapumziko kwa wengi, chezeni baada ya swala ya alfajiri, ova 8 kila upande, mpira wa tenisi wenye tepu hauhitaji pedi wala helmeti, jua likianza kukaza mmeshamaliza na mnakunywa chai. Kwa wa zamu za usiku tafuteni sehemu yenye taa siku ya katikati ya wiki. Kiwe kikosi kimoja chenye siku mbili, mtu achague inayomfaa, asionekane amesaliti akikosa nyingine. Anza na wanne ulio nao karibu, watano wakija chezeni wiketi moja, yaani mmoja mmoja bila timu, kila mtu akirusha ova yake na kupiga zamu yake, na tarehe ya wiki inayofuata itajeni hapohapo kabla hamjaachana.