Siku mbili nilizomtafuta mdogo wangu kwenye jela za Texas

Juzi Jumapili natoka zamu ya usiku nikakuta meseji ya dada mmoja wa Kikongo, simjui, namba yangu kaipata kwa mtu anayesali naye. "Dada jambo, bwana yangu walimukamata jana usiku, tunamutafuta hatumuone. Weye unajuwa mambo ya huku, unisaidiye." Nilikaa kwenye gari pale pakingi kama dakika kumi sijawasha hata injini, maana hiyo "hatumuone" naijua ilivyo. Nishaililia.

Hii stori sijawahi kuiandika hapa. Nimewaandikia ya leseni ya CNA (wale wasaidizi wa wauguzi), ya kodi, ya kujenga Tanga ukiwa huku (ile mliyonichamba), ila hii nimeikalia kimya miaka miwili. Leo naitoa, na watakaojijua wajijue.

Mdogo wangu alikuwa anapiga kazi ya usiku weahausi, yaani ghalani. Alfajiri moja, saa kumi na moja hivi, rafiki yake waliotoka naye kazini ananipigia: dada, wamemsimamisha barabarani, wamemfunga pingu, wameondoka naye. Wamempeleka wapi? Sijui. Polisi wa wapi? Polisi tu dada, kulikuwa giza. Nikampigia mdogo wangu simu mara ishirini, inaita, baadaye haiiti tena.

Sasa kwetu ungefanyaje? Ungebeba chupa ya chai na mkate uende kituoni, usimame kaunta, afande akuangalie juu mpaka chini, mwisho anakwambia yupo au hayupo. Huku hakuna kaunta, kuna kaunti, yaani kama wilaya, na Texas peke yake ina kaunti 254, kila moja na sherifu wake, mkuu wa polisi wa kaunti, karibu zote na jela zao, na kila sherifu na tovuti yake anayoipanga anavyotaka. Halafu miji yenyewe haifuati mipaka ya kaunti. Carrollton kwa mfano, hapo juu ya Dallas, imelala kwenye kaunti tatu: Dallas, Denton na Collin. Yaani mtu akikamatwa upande huu wa mataa jela yake ni nyingine, akivuka upande wa pili jela yake ni nyingine. Na kabla hajafika huko kwa sherifu, miji mingi ina selo zake ndogo inakomuweka kwanza masaa kadhaa, na ukiwa kwenye selo ya mji jina lako kwenye orodha ya kaunti halipo. Haya yote nimeyajua baadaye. Siku ile nilikuwa najua kulia tu.

Kitu cha kwanza nilichofanya nilipiga 911, namba ya dharura. Msicheke. Nikamwambia yule mama aliyepokea nimepotelewa na mdogo wangu, akaniuliza kapotea au kakamatwa, nikasema kakamatwa, akanikaripia vizuri tu kwa Kiingereza cha adabu. Cha pili nikaingia Google nikaandika rekodi za waliokamatwa Texas, nikabonyeza cha juu kabisa. Pale juu ni matangazo jamani! Tovuti imenipigia hesabu kwenye skrini, "tunatafuta, tunatafuta, tumepata rekodi 3", lipa dola moja uone. Nikalipa. Nikaonyeshwa anwani ya zamani ya mdogo wangu na watu wawili wa majina yanayofanana waliokamatwa jimbo lingine. Mwezi uliofuata wakanikata karibu dola 30, na kujitoa kwao ilinichukua simu nne. Wakati orodha ya waliolala jela unaipata bure, bure kabisa, kwenye tovuti ya sherifu mwenyewe.

Halafu hapa Kiswahili chenyewe kinatuponza. Sisi tukisema jela tumemaliza, jela na gereza ni kitu kimoja. Huku jela ya kaunti ni ya watu wanaosubiri kesi na wale wa vifungo vifupi, nyumbani ungesema yuko rumande. Gereza la jimbo ni la waliokwishahukumiwa kesi kubwa. Mimi nikapoteza asubuhi nzima naandika jina la mdogo wangu kwenye orodha ya magereza ya jimbo, mtu kakamatwa alfajiri ile ile, atakuwaje na kifungo mchana?

Nikaja kuingia tovuti za kaunti sasa. Ya kwanza, hayupo. Ya pili, hayupo. Ya tatu nikaandika jina lake kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, hayupo. Saa nane mchana nikafanya kosa ambalo hadi leo nikilikumbuka natamani kujizaba kofi: nikaandika kwenye kundi la Facebook la Waafrika wa huku, jina lake lote, kwamba kakamatwa, mwenye taarifa anipigie, na namba yangu ya simu hii hapa. Jioni simu ikaingia. Mwanaume, sauti nzito, anajiita sajenti, anamtaja mdogo wangu kwa majina yote matatu, anasema anaweza kutoka usiku huu huu akifungwa kile kifaa cha mguuni, ni dola 600, nitume kwa Zelle, ile ya kutuma hela kwa simu kutoka benki, kwa sababu ofisi ya malipo imefungwa. Nikatuma. Mtu anayejiona mjanja, anayewafundisha wenzake kodi, nikatuma. Nikakaa nje ya jela moja mpaka saa sita usiku namsubiri mtu ambaye hata hakuwa mule ndani. Baadaye ndiyo nikaja kugundua kila alichokijua yule "sajenti" nilikiandika mwenyewe Facebook kwa mkono wangu. Na hata usipoandika wanaweza kukupata, maana zile rekodi ni za wazi na wao wanazisoma kama unavyozisoma wewe. Sherifu hapigi simu kuomba hela. Hakimu hapigi. Hakuna dhamana inayolipwa kwa kadi za zawadi za dukani. Ukipigiwa kata, tafuta namba ya jela mwenyewe, piga wewe.

Siku ya pili asubuhi nikapiga simu jela zote tatu, moja moja, kwa mdomo. Ya pili akapokea mama mmoja, nikaanza kumtajia jina herufi kwa herufi, akanikatisha, akasema niambie tarehe ya kuzaliwa. Nikamwambia. Kimya kidogo. Akasema, ninaye mmoja, ila anaitwa hivi. Na hilo jina la mwisho alilolitaja lilikuwa la baba yetu.

Hapo ndipo penyewe, na kama huna muda wa kusoma yote soma hapa. Sisi tuna majina matatu, langu, la baba, la babu, na karatasi za Wamarekani zina la kwanza na la mwisho. Tuseme mtu anaitwa Ramadhani Juma Mbwana. Kwenye kompyuta ya jela anaweza kuwa Mbwana, anaweza kuwa Juma, anaweza kuwa Juma-Mbwana na kistari, na huyo Ramadhani mara nyingi anapoteza h yake njiani. Wakenya wenye majina kama Ng'ang'a kile kialama cha juu peke yake kinatosha kukuficha wiki nzima. Kwa hiyo usiandike jina lote! Andika herufi tatu nne za mwanzo halafu uache, tovuti nyingi zinakubali, uone wanakuja akina nani. Halafu geuza, weka la baba mahali pa ukoo. Halafu la babu. Halafu tumia tarehe ya kuzaliwa. Ila kwa ndugu zetu waliopitia kambi za wakimbizi, akina dada huyu wa Kikongo, hata tarehe ina tabu yake, maana wengi karatasi zao zimeandikwa 1 Januari, utakuta mtaa mzima umezaliwa siku moja.

Kingine ni subira, na mimi subira sina. Bukingi, yaani kule kuandikishwa jela, alama za vidole, picha, kunyang'anywa mkanda na simu, inachukua masaa. Mdogo wangu walimpitisha kwanza hospitali kumtoa damu, kisha selo ya mji, na jina lake lilikuja kuingia kwenye mfumo masaa 14 baada ya pingu. Kwa hiyo zile "hayupo" zangu za mwanzo zilikuwa kweli hayupo. Hapa Texas sheria inataka afikishwe mbele ya hakimu ndani ya masaa 48, na hapo ndiyo kiwango cha dhamana kinatajwa. Kwa hiyo tafuta, hukumpata, tafuta tena baada ya masaa matatu, kaunti zote, siyo moja.

Ukimpata andika namba ya bukingi kwenye karatasi, siyo kwenye simu, simu huzima. Kila mtu atakuuliza hiyo namba, wakili, mtu wa bondi (anayekuwekea dhamana kwa malipo), dirisha la malipo. Mdogo wangu alipangiwa dhamana ya dola 1,000. Ukizilipa zote kaunti wenyewe, kesi ikiisha na hakukosa siku ya mahakama unarudishiwa, pengine wakikata makato kidogo. Ukienda kwa mtu wa bondi unampa kama asilimia 10 na hiyo hairudi, ndiyo kazi yake. Mimi hela yangu alikuwa nayo sajenti, nikaenda kwa mtu wa bondi.

Nisisahau simu. Akikupigia kutoka ndani usiongee kesi, simu zinarekodiwa. Mtu anasema ah, sisi tunaongea Kiswahili. Wakalimani wa Kiswahili wanaolipwa kwa saa mimi mwenyewe nawajua wawili, mmoja tulisoma wote.

Na kama orodha inasema ametoka lakini nyumbani hajafika, hapo moyo uache kwanza, fungua tovuti ya kutafuta walioshikiliwa na ICE, askari wa uhamiaji. Alama za vidole zinazochukuliwa jela zinafika FBI na zinafika kwa watu wa uhamiaji, na wanaweza kuomba jela imshikilie mpaka masaa 48 zaidi waje wamchukue. Kule unatafuta kwa A-namba, namba yake ya uhamiaji iliyo kwenye grinikadi (kadi ya ukaazi), tarakimu 9, ikipungua unaanza na sifuri, pamoja na nchi aliyozaliwa. Kwa hiyo leo hii, kabla halijawakuta, pigeni picha grinikadi za watu wenu mziweke mahali. Kwa Watanzania kuna jambo wengi hawalijui: nchi yetu iko kwenye orodha ya zile ambazo Mtanzania akikamatwa Marekani ubalozi lazima ujulishwe, atake asitake. Kenya haimo, Mkenya anatakiwa aulizwe na aseme mwenyewe kwamba anataka. Na asikubali kosa lolote ili mradi atoke kabla hajamuuliza wakili litaigusaje grinikadi yake, Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema tangu 2010 kwamba hilo ni jukumu la wakili kumwambia, hata huyu wa bure anayewekwa na mahakama.

Sasa nifike kwa nilichokimeza miaka miwili. Zile rekodi zikiwa wazi, zinakuwa wazi kwa wote. Siku ya tatu, mdogo wangu kalala chumbani, simu yangu inaingia picha, ile ya jela, macho mekundu, kola imepinda, chini imeandikwa kosa: kuendesha akiwa amelewa. Imetumwa kwenye kundi la jumuiya yetu, la WhatsApp, lile la kuchangiana misiba. Aliyeituma nilimpikia pilau arobaini ya mama yake. Kabla sijamaliza kufikiri namwambiaje mama, mama akapiga kutoka Tanga, asubuhi ya kule, anauliza kwa sauti ndogo: "Mwanangu kaanza pombe?" Mtoto ambaye soda yenyewe anasoma kwanza viungo.

Alikuwa na usingizi. Masaa 12 ya kubeba maboksi na anasinzia kwenye usukani, basi, na hilo nalo ni kosa, nimemgombeza. Majibu ya damu yalikuja baada ya miezi, pombe hakuna. Kesi ikafutwa, tukaomba na rekodi ifutwe, ikafutwa. Lakini simu zenu hazina wa kuzifuta. Rekodi ya bukingi inasema mtu alishikwa na polisi walidhani nini, haisemi alifanya nini, na anayeituma kundini anajua tofauti hiyo vizuri sana, kwa sababu siku ikimkuta wa kwake atawaeleza wenzake neno kwa neno.

Sisemi zifungwe. Tunaotoka kwetu tunajua maana ya mtu kuchukuliwa usiku na watu wasiojulikana na kila kituo kinasema hatunaye. Afadhali mara mia hii orodha yenye majina yaliyokosewa. Ila iwe ya kumtafuta mtu.

Yule dada nilimpigia hapo hapo pakingi. Bwana yake tulimpata saa tano asubuhi kwenye kaunti ya pili, jina la baba limekaa mwisho, herufi mbili zimegeuzwa. Akashukuru, akalia, tukaagana. Baada ya nusu saa kapiga tena: dada, kuna polisi yuko hapa kwa ile simu ingine, anasema nitume pesa, nitume? Nikamwambia iweke kwenye spika niongee naye mimi. Akasikia Kiingereza changu, akauliza maswali mawili, akakata.