Kodi mpya, seva ya kizamani

SWALI: Shikamoo kaka fundi. Nimeandika programu ya mikopo ya SACCOS moja hapa Moro, kwenye laptopu yangu nina Python 3.12 inapiga kazi freshi kabisa, nimefika kwenye seva yao nakuta Ubuntu 20.04 na Python 3.8, imegoma hata kuwaka, inalalamikia match (ile amri ya kuchagua kati ya hali kadhaa). Na wenyewe hawataki seva iguswe. Niandike upya yote au niwakomalie waapgredi? Na pandas, ile maktaba ya majedwali ya data, je?
Kijana wa Moro

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole. Ndo shida yetu wengi, tunaandika kodi (sio ile ya TRA) bila kuuliza itaenda kukaa wapi. match imeingia Python 3.10 mwaka 2021, sasa 3.8 itaijulia wapi? Hiyo weka if na elif, yameisha.

Kwenye pandas ndo kuna shughuli. Toleo la mwisho linalokubali Python 3.8 ni 2.0.3, kuanzia 2.1 inataka 3.9 kwenda juu. Halafu pandas 2.0 ya Aprili 2023 ndo walioing'oa append ya DataFrame (ile ya kuongeza mistari kwenye jedwali), kwa hiyo ukikopi mifano ya zamani mtandaoni inakufia mikononi. Tumia concat ya kuunganisha majedwali, ilikuwepo zamani na leo ipo. Mi ndo navyofanya kila nikitakiwa kubeba matoleo mawili, siandiki kodi mbili, natafuta kwanza ile njia moja inayopita kote kote, nikiikosa ndo najaribu kuimpoti kitu kipya kikigoma nachukua cha zamani, kama zoneinfo (ya saa za kanda mbalimbali) imeanza 3.9, chini ya hapo unachukua backports.zoneinfo. Na tafadhali usilinganishe namba za matoleo kama maandishi!! Ukiweka "3.10" na "3.9" kompyuta inakwambia 3.9 ndo kubwa, maana inaangalia 1 na 9 basi. Hiyo ilishanila siku nzima. Tumia sys.version_info, yenyewe inalinganisha namba kwa namba.

Ila usiende chini kuliko hapo. Programu yako mpya, mteja mmoja, ana 3.8, sasa 3.6 unambebea nani? Kwenye pyproject.toml (faili la maelezo ya mradi) andika requires-python = ">=3.8" ili mwenye ya chini pip, ile ya kusakinisha, imkatalie mapema. Na ujaribie kwenye 3.8 yenyewe, vuta kontena yake ya Docker (kama chumba kilichotengwa chenye 3.8 yake) uiendeshe humo, laptopu yako itakudanganya tu.

Hao SACCOS nao uwaambie ukweli, Python 3.8 iliachwa Oktoba 2024, watengenezaji wake hawazibi tena matundu ya usalama, na Ubuntu 20.04 sapoti ya kawaida iliisha Mei 2025, kuendelea kupata viraka mpaka wajiunge Ubuntu Pro. Na hapo kuna hela za watu jamani. Wakikubali hata nusu, Python mpya unaweza kuiweka pembeni kwenye folda yake na ile ya mfumo ikabaki ilivyo, ila python3 ya mfumo yenyewe usiibadilishe hata wakikubembeleza, zana za Ubuntu zinaitegemea, utalala huko.

Anza na kontena leo leo, najua utakutana na list[str] na wenzake, maandishi ya aina za data ambayo 3.8 haiyajui. Ukikwama andika tena, ila ubandike na kosa lenyewe lote, sio mstari wa mwisho tu.