Maharagi ya pori: ni maharagi ao ni kunde?

Dada mmoja wa Bagira, hapa hapa Bukavu, ameniuliza hivi: "Mtoto wangu anakausha majani ya masomo, na kwenye kila karatasi wanaomba jina kwa Kiswahili. Kule Walungu alichuma mmea unaopanda kwenye miti ya mpaka wa shamba, hakuna mtu aliuotesha, maua yake ni kama violeti, ganda ni nyembamba, ikikauka inapasuka yenyewe. Koko anaita maharagi ya pori. Baba yake, mtu wa Lubumbashi, anasema hiyo ni kunde. Mimi nilifundishwa yote ni arikoo. Tuandike nini? Na mbegu moja, ni haragi ao maharagi?"

Dada, mersi sana, swali hili nimelipenda sababu hapa lugha na shamba vinakutana. Arikoo tuiweke pembeni kwanza, ni neno la Kifaransa na linabeba kila kitu, ukimuuliza muuzaji wa Kadutu umuambie tu arikoo atakuangalia akingoja umalizie.

Nianze na koko. Kwa lugha hakukosea hata kidogo. Kiswahili kinaposema kitu fulani "ya pori" ao "mwitu" hakisemi ni mzazi wala ni ndugu ya kile cha nyumbani, kinasema tu kinafanana nacho na hakuna mtu anakifuga ao anakilima. Mbwa mwitu si mbwa wako aliyekimbilia porini, ni mnyama mwingine. Kwa hiyo koko aliona majani matatu matatu, aliona kamba inapanda, aliona ganda, akasema maharagi, na kwa kuwa haina mwenyewe akaongeza ya pori.

Ila kama unauliza mmea wenyewe ni wa ukoo gani, hapo baba ya mtoto njo ako karibu na ukweli. Maharagi tunayokula kila siku, wasomi wanaita Phaseolus vulgaris, ni mgeni. Ilitoka Amerika, na kule watu walianza kuilima sehemu mbili mbalimbali, upande wa Mexico na upande wa milima ya Andes, na mpaka leo maharagi ya pori ya kweli, yale wazazi wake, yanaota kule, hayaoti yenyewe mu Kivu wala popote Afrika. Kunde ni mtoto wa Afrika hii yetu, na ndugu zake wa pori wako humu humu. Na lugha inakubali: wanaochunguza lugha za Kibantu wanaweka kunde kati ya maneno ya zamani sana, yale mababu walikuwa nayo mbele hata maharagi haijavuka bahari.

Sasa usiniamini tu kwa maneno, muambie mtoto ajaribu mwenyewe. Asubuhi hii nimechuma jani la maharagi nyuma ya nyumba ya jirani, nikalikandamiza kwenye mkono wa shati upande wa chini, likabaki limeshika, nikatembea nalo mpaka barabarani. Jani la kunde nilifanya vile vile, likaanguka palepale. Jani la maharagi liko na vinyweleo vidogo vyenye ndoano, macho hayavioni lakini nguo inavisikia, kunde haina ndoano hizo. Kisha afungue ua. Kwa maharagi, ile sehemu ya katikati imejizungusha kama nyumba ya konokono, kwa kunde imepinda tu kama mgongo wa ngalawa. Na pale mguu wa jani unaanzia kuna vijani vidogo viwili, kwa kunde vinashuka chini ya pale vimeshikia, kama vimebandikwa katikati, kwa maharagi havishuki hivyo.

Kupasuka peke yake hakutoshi, sababu mimea mingi ya pori inarusha mbegu hivyo, hakuna wa kuivunia.

Na koko asichekwe, wasomi wenyewe walihangaika na mambo haya. Choroko, ile mbegu ndogo ya kijani inayolimwa sana Asia, msomi wa mimea Linnaeus mu 1753 aliiandika Phaseolus, yaani kwenye ukoo wa maharagi, na majina ya Phaseolus yaliendelea kuifuata mpaka 1954 msomi mwingine, Wilczek, mu vitabu vya mimea ya Congo ya wakati wa Wabelgiji, akaihamisha kwa Vigna, ukoo wa kunde. Kumbe miaka mia mbili nzima!

Kuna jambo moja linaniogopesha kwenye jina lile: neno maharagi linaalika sufuria. Usipike kitu sababu tu kinaitwa maharagi. Upupu nao uko na ganda, na manyoya yake yakikugusa utajikuna mpaka machozi. Maharagi ya Lima, zile mbegu za bapa zenye mistari inayotoka kwenye kitovu, zile za pori ziko na sumu ya sianidi ndani. Hata maharagi yetu ya kawaida isipoiva vizuri inaumiza tumbo.

Basi kwenye karatasi, kama jani halikushika shati na ua halijajizungusha, andikeni "kunde pori", na chini yake mwandike "Walungu wanaita pia maharagi ya pori", sababu jina la koko nalo ni habari, likikosa kuandikwa litapotea.

Juu ya mbegu moja: Kenya utasikia maharagwe, Tanzania maharage, sisi maharagi, yote ni Kiswahili. Mu kamusi, mbegu moja ni haragwe ao harage, lakini hapa kwetu ukisema "nipe haragi moja" watafikiri unatania, tunasema mbegu moja ya maharagi. Kunde haibadiliki, kunde moja, kunde kumi, na mmea wake ni mkunde.